Yaya wa Karatasi

Nyumba ikitaka yaya, hufanya uchunguzi. Bibi wa nyumba huuliza msichana ametoka wapi, amelea watoto wa nani, aliacha kazi kwa sababu gani, na mtoto akipatwa na homa usiku yeye hufanya nini. Huulizwa jirani, huulizwa shangazi, na pengine hupigwa simu mpaka kijijini kuuliza habari za wazazi wake. Hakuna awezaye kuulaumu udadisi huu, kwa maana anayekabidhiwa ni mtoto asiyeweza kusema alivyotendewa. Lakini nyumba hiyo hiyo ikitaka kitabu cha malezi, maswali yote hufa. Baba huingia dukani akatoka na kitabu kwa sababu jalada lake lina picha ya mtoto mnene anayecheka. Au mama huletewa na rafiki, ambaye naye aliletewa na rafiki. Na tangu siku hiyo mgeni asiyejulikana huwa na amri juu ya ziwa, usingizi, kilio na chakula cha mtoto. Yaya wa mwili na damu huchujwa. Yaya wa karatasi hupokewa kwa mikono miwili.

Hoja inayosimamishwa hapa ni nyepesi kuielewa, ijapokuwa watu wengi hawaifuati: kitabu cha malezi kinastahili maswali magumu kuliko yale anayoulizwa yaya. Yaya akikosea hukosea katika nyumba moja. Kitabu kikikosea hukosea katika nyumba elfu nyingi kwa siku moja, tena kwa sauti ya daktari, na aliyedhurika hana mlango wa kwenda kubisha. Jambo hili si la kubuniwa. Limekwisha kutokea, na hesabu ya watoto waliopotea kwa ajili yake imekwisha kufanywa.

Yafaa kwanza kutazama kinachomvuta mnunuzi. Humvuta jalada, humvuta unene, humvuta jina la mji wa mbali, na zaidi ya yote humvuta uhakika wa mwandishi. Mzazi mchanga amechoka. Hajalala usiku tatu. Mtoto analia wala hasemi analilia nini. Mbele ya mashaka hayo anatokea mtu asemaye bila ya kusita: fanya hivi, usifanye vile, baada ya siku saba mtoto atalala mpaka alfajiri. Nani asiyependa kuambiwa hivyo? Lakini waliosema uzuri wa mkakasi ndani kipande cha mti hawakusema juu ya vyombo tu. Uhakika wa mwandishi ni rangi ya mkakasi: humpendeza mwenye kuutazama, wala haumwambii lolote juu ya kilichomo ndani. Tena historia ya vitabu hivi inaonyesha kwamba waliosema kwa uhakika mkubwa wamekosea mara nyingi, na waliokuja baada yao wakawapinga kwa uhakika ule ule.

Mwaka 1894 Daktari Emmett Holt wa New York alitoa kitabu kidogo cha maswali na majibu juu ya utunzaji wa watoto. Humo mama alifundishwa kwamba kumpembeza mtoto ni mazoea mabaya, na kwamba kilio ni mazoezi ya mwili wake. Huko New Zealand Daktari Truby King, ambaye mwaka 1907 chama cha kuwatunza watoto wachanga kilianzishwa kwa juhudi yake, aliyasifu maziwa ya mama kwa haki, lakini akaamuru mtoto anyonyeshwe kwa saa, kila baada ya saa nne, na usiku asinyonyeshwe kabisa. Mama aliyemsikia mtoto wake akilia saa ya tatu alitazama ukuta badala ya kumtazama mtoto, akangoja mshale ufike. Kisha mwaka 1928 alikuja John Watson, mtaalamu wa tabia wa Marekani, akawakataza wazazi wasiwakumbatie watoto wao wala kuwapakata. Ikiwa hapana budi, akasema, mtoto abusiwe mara moja kwenye kipaji cha uso akienda kulala, na asubuhi apewe mkono kama mgeni. Mkewe, Rosalie Rayner, aliyemsaidia kukiandika kitabu hicho, mwaka 1930 alikiri katika gazeti la wazazi kwamba moyo wake ulikuwa bado unaelekea upande wa watoto. Laiti ungamo lile lingechapwa ndani ya kitabu chenyewe!

Mtu atasema kwamba hayo ni mambo ya kale, na kwamba alikuja Daktari Benjamin Spock mwaka 1946 akayaondoa. Ni kweli. Spock aliwaambia akina mama kwamba wanajua zaidi ya wanavyodhani, akawaruhusu kuwakumbatia watoto wao, akasema nao kama jirani mwema asemavyo. Kabla hajafa mwaka 1998, nakala karibu milioni 50 za kitabu chake zilikwisha kuuzwa, tena katika lugha nyingi. Ikiwa kuna mwandishi wa malezi aliyestahili kuaminiwa kwa wema wake, ni huyu. Na hapa ndipo penye funzo kubwa kuliko yote.

Katika chapa ya mwaka 1958 Spock aliandika kwamba mtoto mchanga akilazwa chali yumo katika hatari ya kupaliwa na matapishi yake, na kwamba kichwa chake huweza kubonyea upande mmoja. Kwa hiyo ni afadhali azoezwe kulala kifudifudi. Sababu hii inaingia akilini. Kila aliyemwona mtoto akicheua ataikubali papo hapo. Hospitali nyingi za Ulaya na Marekani ziliikubali, na waandishi wengine wakaifuata. Lakini hakuna aliyekuwa amehesabu. Walipohesabu, ilionekana kwamba watoto waliolazwa kifudifudi walikuwa wakifa usingizini, ghafula na bila ya ugonjwa wa dhahiri, kwa wingi kupita waliolazwa chali. Uingereza ilianza kampeni ya kuwageuza watoto mwaka 1991, na Marekani mwaka 1994. Katika nchi zote mbili vifo hivyo vikapungua sana. Mwaka 2005 wachunguzi wa London, mmoja wao Ruth Gilbert, walikusanya uchunguzi wote uliokwisha kufanywa tangu miaka ya 1940, wakaona kwamba kufikia mwaka 1970 ushahidi ulikwisha kutosha. Lau mtu angaliukusanya wakati ule na kuufuata, wakasema, yamkini vifo zaidi ya 10,000 vya watoto wachanga vingalizuiwa katika Uingereza, na visivyopungua 50,000 katika Ulaya, Marekani, Australia na New Zealand.

Msomaji na atulie kidogo juu ya hesabu hiyo. Watoto wale hawakulazwa kifudifudi na wazazi wazembe. Walilazwa na wazazi wasomi, wenye bidii, waliokwenda dukani kununua kitabu ili wasikosee. Mama asiyejua kusoma, aliyemlaza mtoto wake chali kwa sababu ndivyo mama yake alivyofanya, alikuwa katika usalama zaidi kuliko mwenye kitabu. Spock hakuwa mwongo, wala hakuwa mkatili. Alikuwa mtu mwema aliyetoa sababu nzuri bila ya ushahidi. Kwa hiyo wema wa mwandishi hautoshi, na sababu inayoingia akilini haitoshi. Swali la kwanza la kukiuliza kitabu cha malezi ni hili: kinajuaje? Je, kinasema wapi watoto walihesabiwa, na wangapi, au kinasema tu kwamba mwandishi ameona mengi katika kazi yake? Kitabu kisichoweza kutofautisha lililopimwa na lililodhaniwa hakifai kuwekwa karibu na kitanda cha mtoto, hata kikiwa kimeandikwa na profesa.

Swali la pili ni la tarehe. Watu hutazama tarehe ya mkate na ya dawa, wala hawatazami tarehe ya kitabu cha malezi. Kando ya barabara za Dar es Salaam na Nairobi huuzwa vitabu vilivyokwisha kutumika, vilivyotoka ng'ambo kama zinavyotoka nguo za mitumba. Riwaya ya mwaka 1985 ni riwaya ile ile leo. Lakini kitabu cha malezi cha mwaka 1985 ni dawa iliyochacha. Mwaka 2000 chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kiliagiza kwamba mtoto aliye katika hatari ya mzio asipewe karanga mpaka atimize miaka mitatu. Mwaka 2008 chama hicho hicho kiliona kwamba agizo hilo halina ushahidi, kikaliondoa. Mwaka 2015 uchunguzi uliofanywa London ulionyesha kinyume kabisa: watoto wa namna hiyo walioanza kula karanga mapema, kabla ya kutimiza mwaka, walipata mzio wa karanga kwa uchache sana kuliko waliozuiwa. Yaani kitabu cha mwaka 2003 kilimkataza mama asiutie uji karanga za kusaga, na katazo lile lilikuwa likiukuza ugonjwa liliokusudia kuuzuia. Kadhalika, ni mwaka 2001 Shirika la Afya Duniani lilipoagiza kwamba mtoto apewe maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita kamili, bila ya maji wala uji. Vitabu vilivyotangulia mara nyingi vilimruhusu mama kuanza kulisha katika mwezi wa nne, na vingine vilimwambia ampe mtoto maji katikati ya kunyonya. Mwenye kununua kitabu bila ya kutazama mwaka wa chapa ananunua chakula gizani.

Swali la tatu ndilo linalowahusu zaidi watu wa Afrika ya Mashariki: kitabu kimeandikwa kwa ajili ya mtoto gani? Majedwali yanayosema mtoto huketi mwezi fulani na kutembea mwezi fulani yalianza kupata umaarufu kwa kazi ya Arnold Gesell, aliyewachunguza watoto wa mji wa New Haven, Marekani. Watoto wa mji mmoja wakafanywa mizani ya watoto wote wa dunia. Lakini mwaka 1976 Charles Super alieleza aliyoyaona Kokwet, kijiji cha Wakipsigis katika Kenya. Watoto wa pale waliketi, wakasimama na kutembea kiasi cha mwezi mmoja kabla ya wenzao wa Marekani. Lakini katika kutambaa hawakuwatangulia. Sababu haikuwa damu. Mama zao waliwafundisha kuketi, wakiwakalisha katika kishimo kidogo kilichotandikwa nguo za kuwaegemeza, na waliwafundisha kutembea. Kutambaa hawakukufundisha sana. Mtoto hukua upande anaokuzwa. Naye Mary Ainsworth, ambaye mafundisho yake juu ya upendo wa mama na mtoto sasa yamo katika nusu ya vitabu vya malezi vinavyouzwa kwa bei kubwa, aliyaanza katika vijiji vya Buganda karibu na Kampala, mwaka 1954 na 1955, akiwatazama watoto 28 na mama zao. Maarifa yalichukuliwa hapa, yakafungwa kwa karatasi nzuri, na sasa yanarudishwa hapa kuuzwa kama mali ya ugenini.

Haisemwi kwamba kitabu cha mbali ni kibaya kwa kuwa ni cha mbali. Husemwa kwamba kila kitabu kina nyumba yake. Kitabu cha London huweza kuwa na sura nzima juu ya usingizi wa mtoto kisitaje chandarua hata mara moja. Wala mwandishi hana kosa, kwa kuwa London hakuna malaria. Humwambia mama kwamba homa ndogo ya mtoto mwenye kucheka na kunyonya ingojwe na kuangaliwa. Shauri hilo ni jema kwa nyumba ile; lakini mama wa Muheza au wa Kisumu akilifuata, akangoja siku mbili, huenda akampoteza mwanawe, kwa maana huko homa ya mtoto mdogo hutakiwa ipimwe damu kabla ya saa 24 kupita. Kitabu hicho humwambia amlaze mtoto katika chumba chake. Yeye na mumewe na watoto watatu wana chumba kimoja na ukumbi. Humwandikia orodha ya samaki na matunda asiyoyaona sokoni, wala hakisemi lolote juu ya dagaa, maharage, mchicha na parachichi alivyo navyo. Basi mama huona aibu. Hudhani kwamba nyumba yake ndiyo iliyokosea, hali ni kitabu kilichopotea njia. Majedwali yenye adabu yapo: mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilitoa vipimo vilivyopatikana kwa watoto wa Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, nayo yanasema kwamba mtoto mzima wa afya huweza kuanza kutembea peke yake wakati wowote kati ya mwezi wa tisa na wa kumi na nane. Upana huo ni rehema kwa mama. Kitabu kinachotaja mwezi mmoja tu kinamtisha bure.

Swali la nne ni la fedha: nani amelipa? Mwaka 1939 Daktari Cicely Williams, aliyekuwa ameueleza ugonjwa wa kwashakoo kutoka Afrika ya Magharibi, alisimama mbele ya watu katika Singapore akayaita matangazo ya maziwa ya kopo uuaji. Katika nchi nyingi za joto makampuni yaliwavika wauzaji wake mavazi meupe kama ya wauguzi, yakawapeleka kwa wazazi na vijitabu vizuri vya bure juu ya kulea. Baadaye, mwaka 1981, mataifa yalipatana juu ya kanuni za kuyazuia mambo hayo, na Kenya ikaweka sheria yake mwaka 2012. Lakini mtego haukuondoka, umebadili nguo. Kijitabu kinachogawiwa bure na mwenye kuuza kitu cha mtoto, kikimwambia mama kila baada ya kurasa tatu kwamba labda maziwa yake hayatoshi, si kitabu. Ni mchuuzi aliyeingia chumba cha uzazi bila ya kubisha hodi.

Hapo atainuka mtu wa upande wa pili, aliyekuwa akicheka kimya tangu mwanzo. Atasema: si mnaona? Bibi zetu hawakusoma kitabu chochote, nao walitulea, vitupwe vyote. Hoja hii hupendwa sana, na ina ukweli ndani yake. Bibi alijua mengi ambayo vitabu vilikawia kuyajua. Alimbeba mtoto kwa mbeleko wakati Watson alipokataza kumpakata. Alimnyonyesha kila alipolia wakati Truby King alipotazama saa. Na miaka miwili ya kunyonyesha, ambayo Shirika la Afya Duniani linaiagiza leo, Waislamu wa pwani waliijua katika Kurani karne nyingi zilizopita. Lakini bibi naye ni kitabu, na maswali yale yale yamhusu. Ni bibi huyo huyo aliyesema dang'a ni maziwa machafu yakamuliwe chini, hali ndiyo kinga ya kwanza ya mtoto. Ni yeye aliyepaka kitovu majivu au samli. Ni yeye aliyesema degedege huletwa na shetani wa ndege, na kwamba mwenye degedege akichomwa sindano hufa. Kwa neno hilo watoto wengi wenye malaria kali wamefikishwa kwa mganga asubuhi na hospitali jioni, wakiwa wamekwisha kuchelewa. Wenye kusema kwamba walilelewa bila ya kitabu wakapona huwasahau ndugu zao ambao hawakupona, kwa maana hao hawapo kusimulia. Katika Tanzania, kwa hesabu ya mwaka 2004 na 2005, watoto 112 katika kila 1,000 walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Kwa hesabu ya mwaka 2022 walikuwa 43. Tofauti hiyo haikuletwa na bibi peke yake, wala na kitabu cha jalada zuri. Imeletwa na chanjo, vyandarua, dawa, na maarifa yaliyopimwa kisha yakafikishwa kwa wazazi kwa maneno waliyoyafahamu. Tena mume na mke wengi sasa wako mjini, na bibi yuko Kilosa. Hata akiwa na hekima yote, hayupo usiku wa manane. Kitabu kinahitajiwa, kinachokataliwa ni upofu wa kukichagua.

Swali la tano ndilo la mwisho, nalo ni la heshima: kitabu kinamfanya nini mzazi? Kipo kitabu ambacho mama akikifunga huona mikono yake mizito, asithubutu kumwinua mtoto bila ya kufungua ukurasa. Na kipo ambacho akikifunga hurudi kwa mtoto na macho makali zaidi. Dalili ya kitabu cha pili ni kwamba kinajua mpaka wake. Kinasema waziwazi: dalili hizi zikitokea, kiache kitabu, mchukue mtoto hospitali sasa hivi, mtoto asiyeweza kunyonya, mwenye kutapika kila kitu, mwenye degedege, anayelegea asiamke, anayepumua kwa shida. Kitabu cha David Werner kilichoanzia katika vijiji vya milima ya Mexico, ambacho kimefasiriwa kwa Kiswahili kwa jina la Mahali Pasipo na Daktari, kilipata heshima yake kwa sababu hiyo: kilimhesabu msomaji kuwa mtu mwenye akili, kikamwambia aweza nini mwenyewe na asithubutu nini. Nacho pia kiulizwe mwaka wa chapa, kwa kuwa hakuna kitabu kisichozeeka.

Ajabu ni kwamba kijitabu kinachojibu maswali yote matano vizuri kuliko vingi vya dukani kimo tayari katika kila nyumba yenye mtoto, nacho hakiuzwi. Ni kadi ya kliniki katika Tanzania, na kijitabu cha mama na mtoto katika Kenya. Mstari wa uzito uliomo humo una asili ya Afrika: Daktari David Morley aliutengeneza katika kijiji cha Imesi, Nigeria, alipoona kwamba mama akiuona mstari wa mwanawe ukilala, huelewa kabla ya kuambiwa. Kadi hii ina tarehe, ina aliyeitoa, ina chanjo za nchi ile, na imeandikwa kwa ajili ya mtoto wa pale. Lakini watu huitia katika mfuko wa plastiki pamoja na risiti, wakaitoa siku ya sindano tu, wakaenda kutafuta hekima dukani. Ichaguliwe hiyo kwanza. Kitabu kingine chochote kipimwe kwayo, na kikipingana nayo, aulizwe muuguzi kabla ya kumtii mgeni.

Limebaki shtaka moja, nalo si juu ya wanunuzi. Kwa nini vitabu vya Kiswahili juu ya malezi ya watoto wachanga ni vichache namna hii mbele ya wingi wa vile vya kigeni? Haiwezi kusemwa kwamba lugha haina mapokeo ya wasia. Mwana Kupona alimwandikia binti yake utendi mzima katika karne ya 19. Shaaban Robert aliwaandikia watoto wake tenzi mbili. Haiwezi kusemwa kwamba maneno hayatoshi. Lugha iliyo na utosi, kucheua, kusota, kutambaa, kusimama dede na kulikiza haina sababu ya kukopa. Kilichopungua ni nia. Madaktari huandika kwa lugha ya mitihani yao; wapiga chapa hutafuta kitabu kitakachowekwa katika orodha ya shule; na wasomi wa Kiswahili, ambao kurasa kama hizi ni makao yao, wanaweza kubishana mwaka mzima juu ya vina na mizani bila ya mmoja wao kwenda kliniki kuuliza kama maneno ya kadi yanaeleweka. Yapo maneno katika vijitabu vya afya ambayo mama wa Kilwa hayajui wala mama wa Bukoba hayajui, kwa sababu yalibuniwa mezani na watu ambao hawakumsikia mama yeyote akisema na mtoto. Mzazi akikosa kitabu anachokifahamu, atanunua asichokifahamu. Hapo lawama ya uchaguzi mbaya haiwezi kumwangukia yeye peke yake.

Basi, mzazi aendapo dukani, asione haya kusimama kitako mbele ya rafu na kukihoji kitabu kama alivyomhoji yaya. Kinajuaje? Ni cha mwaka gani? Kilimwandikia mtoto gani? Nani aliyelipa? Kitamwacha yeye na nguvu au na hofu? Mwenye duka akichoka kumngoja, na achoke. Yaya asiyependa kuulizwa habari zake hupewa nauli akarudi kwao, na kitabu kisichoweza kujibu kirudishwe mahali pake katika rafu.